Naomba ushauri: Wi-Fi inazimwa skrini ikiwa imefungwa

Wakuu, heshima kwenu.

Nina steshenari ndogo Kirumba, Mwanza. Kompyuta ya kaunta inatumia Ubuntu (mfumo wa Linux) yenye GNOME, yaani muonekano wa madirisha na menyu. Nikitoka kidogo nafunga skrini. Juzi narudi, nakuta alama ya Wi-Fi imetoweka pale juu kulia, na faili la mama mmoja lililokuwa linapandishwa limekatikia asilimia 80, naye anawahi kivuko cha Kamanga. Mtu alifungua ile menyu ya kona akazima mtandao, nywila hakuulizwa. Iliniuma sana.

Nimejifunza kwamba NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, huomba ruhusa kwa polkit, sehemu ya mfumo inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini, na jina la kitendo chenyewe ni org.freedesktop.NetworkManager.enable-disable-wifi. Kwenye skrini ya kuingilia naona njia ya kuzuia, kwa sababu pale anayeendesha si mimi bali ni gdm, mtumiaji wa mfumo wa skrini hiyo. Nitamwandikia kanuni ya kumzuia ndani ya /etc/polkit-1/rules.d. Ila skrini ikifungwa, kikao bado ni changu, kwa hiyo nikizuia najizuia na mimi mwenyewe.

Kuna aliyewahi kuificha menyu hiyo wakati skrini imefungwa tu? Au nikubali kuandika nywila kila ninapogusa Wi-Fi? Msaada wenu tafadhali, wateja wananitegemea.