Nimeuziwa "mtepe" wenye misumari, muuzaji kala 240,000 yangu na kanizuia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira kweli. Miaka 14 naunda modeli za ndege kwa balsa, ule ubao mwepesi, kwa hiyo kukata ubao wa milimita 2 kwa wembe si jambo geni kwangu. Mwaka huu nikaamua kuhamia vyombo vya baharini, na cha kwanza nilichotaka ni mtepe, kile chombo cha tanga cha kale cha Waswahili ambacho mbao zake zinashonwa kwa kamba. Niliuona ule mkubwa ndani ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Desemba 25, 2020, na tangu hapo haujanitoka kichwani.

Duka moja la mtandaoni likatangaza seti ya mtepe, vipande tayari kwa kuunganisha. Nikauliza kabla ya kulipa: ni mtepe kweli, wa kushona? "Ndio bosi, orijino kabisa." Nikatuma hela.

Boksi limefika jana. Cha kwanza kudondoka ni kipakiti cha misumari. MISUMARI! Jamani, mtepe unashonwa. Mbao zinatobolewa pembeni, zinafungwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, matundu yanazibwa kwa vijiti. Mafundi wa visiwa vya Lamu, Wabajuni wakiwemo, waliushona hivyo vizazi na vizazi. Ukiupigilia msumari umeunda chombo kingine. Tanga nalo la pembetatu, la kitambaa, na foromali yake juu, ule mti unaobeba tanga. Hilo ni tanga la jahazi! La mtepe ni mkeka, tena la pembe nne. Na ile shingo ndefu inayopanda kule omo, mbele ya chombo, haipo kabisa.

Haya, tuseme nimekubali kujenga jahazi. Halijengeki! Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo, nimeulaza juu ya meza ya kioo, umepinda hadi sarafu ya shilingi 200 inapita chini yake. Mchoro unaonyesha mataruma (mbavu za chombo) 13, ndani yapo 11. La sita, mkono wa kulia ni mfupi kwa milimita 4 kuliko wa kushoto, yaani ubavu mmoja utabonyea hata uloweke mbao kwa maji ya moto wiki nzima.

Nikampigia. "Bosi, mtepe, jahazi, si vyote vyombo tu? Ukishaweka sebuleni nani atajua?" Mimi nitajua! Na mtu wa Lamu akiingia atajua kabla hajakaa. Baharini mtepe haupo tena, tumebaki na modeli na picha. Sasa mzazi akiikamilisha hii takataka akamwambia mwanawe "huu ndio mtepe", huyo mtoto atasahihishwa na nani?

Nilipotaja kurudishiwa hela, akanizuia kwenye simu yake.

Risiti ya muamala ninayo, mazungumzo yote ninayo, nataka 240,000 yangu kamili. Na kama yupo humu aliyewahi kuzipima modeli za mitepe za makumbusho ya Lamu, naomba urefu wa mkuku na nafasi kati ya tundu na tundu. Usumba nimeshaanza kuusokota.