Kupima presha mtaani: kikundi kimoja 40%, kingine 19%. Tatizo liko wapi?

Msoma_Afya

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu kwenye kazi ya somo la afya ya mtu binafsi na jamii, diploma mwaka wa kwanza. Mkufunzi ametupa mtaa mmoja wa mjini na majina 120 ya watu wenye miaka 18 na kuendelea, yaliyochaguliwa kwa kura kutoka rejista ya mtaa. Kikundi A watu 60, kikundi B watu 60. Tunatakiwa kupima presha, kueleza ukubwa wa tatizo, kisha kupendekeza hatua moja ya kinga.

Majibu: A walikuta watu 52, wenye 140/90 au zaidi ni 21. B nao walikuta 52, wenye presha ni 10. Waliosema wanatumia dawa wamehesabiwa humo hata kama kipimo chao kilikuwa kizuri. A walitumia mashine ya kupampu kwa mkono na stetoskopu, B walitumia ya betri. A walipita Jumanne asubuhi, B Jumapili alasiri. Kila mtu alipimwa mara mbili.

Mtaa ni mmoja na watu walichaguliwa kwa kura. Inakuwaje A wapate 40% na B 19%? Na nikiandika ripoti nigawanye kwa 120 au kwa 104?

Muuguzi_Zamu

Kabla hujagusa hesabu, fungua fomu za kikundi A uangalie tarakimu ya mwisho ya kila namba ya juu. Mmepima watu 52 mara mbili, kwa hiyo kuna namba za juu 104. Saa ya mashine ya kupampu ina alama kila mmHg 2 (mmHg ndicho kizio cha presha), hivyo kipimo kinaweza kuishia na 0, 2, 4, 6 au 8, na kila moja inapaswa kujitokeza takriban mara 21. Ukikuta 0 imejaa, 50 au 60, ujue wapimaji walikuwa wanakadiria: sauti imeanza kwenye 136 au 138, mtu anaandika 140. Kwa kazi yenu 140 ndiyo mpaka, kwa hiyo kukadiria huko peke yake kunazalisha wagonjwa. Kwa mashine ya betri tarakimu zote kumi zinawezekana, kwa hiyo 0 itegemee karibu mara 10.

Halafu waulizeni wapimaji mkao wa mtu ulikuwaje, maana hapo ndipo kazi nyingi za wanafunzi huharibikia. Mtu anatakiwa akae kimya dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, miguu imekanyaga chini bila kupishana, amekwenda haja ndogo, na ndani ya nusu saa iliyopita hajavuta sigara wala kunywa kahawa. Mkono uwe wazi. Kukunja shati mpaka likabana juu ya mkono nako kunaharibu, bora avue. Mkono ulazwe juu ya meza ili mkanda, ule unaofungwa mkononi na kujazwa upepo, uwe usawa wa moyo. Hili la mkono wengi wanalipuuza: mkanda ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, kipimo kinapanda kwa takriban mmHg 8 kwa sababu ya uzito wa damu yenyewe. Mtu wa 134/84 anaandikwa 142/92 na anaingia kwenye orodha ya wagonjwa. Mitaani watu hupimwa wamekaa kwenye kigoda au ngazi ya mlango, mkono unaning'inia, na mpimaji anamhoji huku anapampu. Kuongea kunapandisha pia.

Mkanda. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ncha ya bega na kiwiko. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuzunguka angalau 80% ya mkono. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unafaa mikono ya sentimita 27 hadi 34 hivi, ila soma namba zilizochapwa kwenye mkanda wenyewe kwa sababu watengenezaji wanatofautiana. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ukweli, na mkanda mkubwa kwa mkono mwembamba unatoa ndogo. Kama A walikuwa na mkanda mmoja tu, kila mama mwenye mkono wa sentimita 36 amepewa presha ambayo huenda hana.

Kwa mashine ya kupampu: kwanza sindano iwe kwenye 0 kabla ya kuanza. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, pampu mpaka yapotee, ongeza 30 juu yake. Ukipampu kwa kubahatisha unaweza kusimama ndani ya pengo ambalo sauti hupotea kwa muda kwa baadhi ya watu, ukasoma namba ya juu chini kuliko ilivyo. Weka stetoskopu kwenye mshipa, usiichomeke chini ya mkanda. Shusha upepo mmHg 2 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ndiyo namba ya juu, sauti inapopotea ndiyo namba ya chini. Ni sauti zile zile alizozieleza daktari Mrusi Korotkoff mwaka 1905. Ukishusha haraka, namba ya juu inasomeka ndogo na ya chini inasomeka kubwa.

Safari nyingine mpime mara tatu, mtupe cha kwanza, mchukue wastani wa viwili vya mwisho. Ndivyo unavyofanya utafiti wa STEPS wa Shirika la Afya Duniani, na sababu ni kwamba kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu kwa wasiwasi wa kupimwa.

Kajuna_T

Naongeza kwenye hesabu, nikianza na la kugawanya. Gawanya kwa waliopimwa, yaani 104. Waliopatikana na presha ni 31, kwa hiyo 31 ÷ 104 = 29.8%. Ukigawanya kwa 120 unapata 25.8%, na maana yake umewahesabu watu 16 ambao hamkuwaona kama wazima. Hao 16 waandike kivyao: wangapi walikataa, wangapi hawakuwa nyumbani, wangapi wamehama, pamoja na umri na jinsia zao kama rejista inazo.

Hiyo 29.8% usiiache peke yake. Kwa watu 104, wigo wa uhakika wa 95%, yaani namba mbili ambazo ukweli unategemewa kuwa kati yake, unapatikana hivi: 0.298 × 0.702 = 0.209; gawanya kwa 104 = 0.00201; kipeuo cha pili chake 0.0448, zidisha kwa 1.96 = 0.088. Kwa hiyo ukweli wa mtaa uko mahali fulani kati ya 21% na 39%. Ni upana mkubwa, na mkufunzi mzuri atakupa alama kwa kuusema.

Pia usiandike popote kwamba mmepata "wagonjwa wapya". Kupita mara moja kunakupa waliopo tu. Wapya wanataka muanze na watu wasio na presha, muwafuatilie, kisha muwarudie baada ya mwaka mmoja au zaidi. Wanafunzi hupotezea alama hapa kila muhula.

Kuhusu tofauti ya A na B: kura ilichagua majina, lakini siku na saa ndivyo vilivyochagua watu mliowakuta. Jumanne asubuhi vijana wako kazini, sokoni, vyuoni. Wanaobaki nyumbani ni wazee. Tupatie umri.

Msoma_Afya

Asanteni sana, hasa kwa hiyo ya tarakimu. Nimehesabu: fomu za A zina 0 mara 61 kati ya 104, za B mara 12. Mkanda ulikuwa mmoja kweli.

Umri ni huu. A: wenye miaka 18–44 walikuwa 16, wenye presha 3, wenye 45 na zaidi walikuwa 36, wenye presha 18. B: 18–44 walikuwa 40, wenye presha 4, 45 na zaidi walikuwa 12, wenye presha 6.

Wenzangu wanasema tutupe data za A tubaki na B.

Kajuna_T

Msitupe. Angalia hao wa miaka 45 na zaidi: A ni 18 kati ya 36, B ni 6 kati ya 12. Nusu kwa nusu. Kwa vijana A ni 18.75% na B ni 10%, lakini hiyo ya A imetokana na watu 3 tu, mmoja akipungua inakuwa 12.5%.

Sasa sawazisha umri. Chukua watu wote 104 kama kipimo kimoja: vijana 56, wakubwa 48. Kwa viwango vya A: 0.1875 × 56 = 10.5, na 0.5 × 48 = 24, jumla 34.5, ambayo ni 33.2% ya 104. Kwa viwango vya B: 5.6 + 24 = 29.6, sawa na 28.5%. Pengo la pointi 21 limeshuka hadi chini ya 5. Sehemu kubwa ya tofauti yenu ilikuwa umri wa waliokutwa nyumbani, na B wakibaki peke yao mtakuwa na mtaa wa vijana watupu.

Kwenye ripoti weka jedwali la umri kwanza, asilimia ya jumla ifuate.

Muuguzi_Zamu

Nakubaliana kuhusu umri, ila zile 0 mara 61 siziachi. Nusu kwa nusu kwa wakubwa inaweza pia kuwa makosa mawili yanayofichana. Kama mkufunzi ataruhusu, chagueni watu 10 wa A na 10 wa B kwa kura, muwapime kwa mashine zote mbili kikao kimoja, nusu wakianza na ya kupampu na nusu na ya betri. Mkiona ya kupampu iko juu kwa wastani, andikeni kwa mmHg ngapi. Asomaye stetoskopu asione majibu ya betri kabla hajaandika yake.

Bi_Mganga_wa_Zahanati

Wanangu, hesabu ni nzuri, lakini hao watu 31 wako mtaani leo. Wameambiwa nini?

Mliyempata na 180/110 au zaidi apumzike dakika 5 apimwe tena. Ikibaki hapo, aende kituo cha tiba siku hiyo hiyo. Kama ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, amechanganyikiwa, haoni vizuri ghafla au upande mmoja wa mwili umelegea, ni hospitali sasa hivi na msimwache aende peke yake. Mwenye 140/90 au zaidi lakini hajafika 180/110 msimwambie "una presha". Mwambieni kipimo cha leo kiko juu, mwandikieni namba na tarehe kwenye karatasi, na arudie kupimwa zahanati siku nyingine, kwa sababu ugonjwa unathibitishwa kwa vipimo vya angalau siku mbili tofauti. Anayetumia dawa na kipimo kikawa kizuri, msimpongeze kwa namna ya kumfanya adhani amepona. Wengi huacha dawa hapo.

Mjamzito anatolewa kwenye hesabu ya mtaa, lakini hatolewi kwenye huduma. Akiwa na 140/90 apelekwe siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa dalili za awali za kifafa cha mimba.

Ripoti ikienda kwa mwenyekiti wa mtaa iende bila majina. Mtaa wa mjini ni mdogo, "mama wa miaka 52 mwenye duka kona ya msikiti" ni jina tayari.

Kuhusu hatua ya kinga, msiandike "elimu itolewe kwa jamii". Kila ripoti inaandika hivyo na hakuna mtu anayejua Jumatatu aanze na nini. Chagueni chumvi, kwa sababu inapimika jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa pomoni. Ulizeni kila kaya: pakiti ya chumvi ya nusu kilo inaisha baada ya siku ngapi, na mnakula wangapi? Gramu 500 gawanya kwa watu, gawanya tena kwa siku. Kaya ya watu 5 ikimaliza pakiti kwa siku 10, ni gramu 10 kwa kila mtu kwa siku. Ikifika siku 20, ni gramu 5.

Msoma_Afya

Shikamoo Bi Mganga. Hilo la pakiti tunaweza kuliingiza kwenye dodoso kesho. Lakini si watatupa jibu pungufu, kwa kuwa chipsi na supu wanakula nje?

Bi_Mganga_wa_Zahanati

Marahaba. Ndiyo, litakuwa pungufu, na upande mwingine litazidi kama wanakausha samaki kwa chumvi au wanafanya biashara ya vitafunwa. Kwa hiyo ongezeni maswali matatu: wiki iliyopita mmekula chakula cha kununua siku ngapi; mnatumia vidonge vya supu, vingapi kwa sufuria moja; chumvi hii inatumika kwa kazi nyingine gani. Watoto muwahesabu, lakini muandike idadi yao pembeni, maana wao hawafiki kiasi cha mtu mzima. Waombeni waandike tarehe kwa kalamu kwenye pakiti siku wanapoifungua, mrudi kusoma, kwa sababu ukimwuliza mtu kwa kukumbuka atakwambia "wiki mbili" kwa kila kitu.

Na msiwashauri wahamie chumvi ya mawe isiyo na madini joto eti ni ya asili. Sodiamu yake, ambayo ndiyo inayopandisha presha, ni ile ile, na mtawarudishia rovu. Ushauri ni kupunguza kiasi cha chumvi yenye madini joto: kutoweka chupa ya chumvi mezani, kutia chumvi mara moja mwishoni mwa kupika badala ya kila hatua, na kuongeza ndimu, tangawizi au kitunguu saumu mahali pa kidonge cha pili cha supu. Mkirudi kuwapima presha baada ya miezi mitatu, tumieni mashine ile ile na mkanda ule ule, na mpite siku na saa zile zile.