Tiketi ya kuzunguka dunia kwa ajili ya hadhi: oneworld Explorer, Star Alliance, au kuunga tiketi mwenyewe?

MsafiriD16

Wakuu, uzi huu ni wa kulinganisha njia tatu za kutafuta hadhi ya shirika la ndege (ngazi ya uanachama inayokuingiza launji) kwa safari moja ya kuzunguka dunia, daraja la biashara. Ya kwanza ni oneworld Explorer, tiketi ya muungano wa mashirika ya ndege wa oneworld, ambayo bei yake hupangwa kwa idadi ya mabara. Ya pili ni tiketi ya dunia ya Star Alliance, muungano mwingine, bei kwa maili. Ya tatu ni kununua tiketi mojamoja na kuziunga mwenyewe. Lengo liwe Sapphire au Emerald upande wa oneworld, ama Gold upande wa Star. Ngazi za chini ya hapo hazikuingizi launji, tusizipigie hesabu.

Tiketi zote mbili za miungano zinafanana kwa mambo haya: vipande (safari za ndege mojamoja) visizidi 16, safari isipungue siku 10 wala kuzidi mwaka, unavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, unaelekea upande mmoja, unamalizia nchi uliyoanzia. Kipande cha nchi kavu, yaani unatua mji huu na kuondokea mji ule, nacho kinahesabiwa.

Zinapoachana ni hapa. Explorer inauza mabara 3 hadi 6, na ndani ya kila bara unapewa safari 4, isipokuwa Amerika Kaskazini 6. Star kwa daraja la biashara inauza maili 29,000, 34,000 au 39,000, ukizidisha hata kidogo unapanda ngazi ya bei. Kwa kifupi, Explorer inamfaa anayetaka kurefusha njia, Star inamfaa anayetaka kwenda moja kwa moja. Karibuni mnikosoe.

Hesabu_Kwanza

Mkuu, umeanza na tiketi. Anza na programu ya uanachama, tiketi itajichagua yenyewe.

Chukua Star ya maili 34,000. Tuseme herufi za daraja ulizopata (herufi ya bei kwenye tiketi, kama D au I) zinalipa maili za hadhi kwa wastani wa asilimia 125 ya umbali, kiwango cha kawaida kwa biashara kwenye mashirika washirika. Unapata 42,500. Kwa Miles&Smiles ya Turkish, Elite inahitaji 40,000 ndani ya miezi 12, na Elite ndiyo Star Gold, inadumu miaka miwili. Umefika. Safari hiyohiyo ukiiweka KrisFlyer ya Singapore Airlines, Elite Gold inataka 50,000, kwa hiyo unaambulia Silver. Na hata ukinunua tiketi kubwa kabisa ya 39,000, 39,000 mara 1.25 ni 48,750. Umetumia tiketi yote ya dunia na bado unadaiwa 1,250.

Kuna programu nyingine zina mtego wa pili: sharti la kuruka na shirika lenyewe. Platinum ya ANA, shirika la Japani, ni pointi 50,000, na nusu lazima zitoke kwenye ndege za kundi la ANA. Senator ya Miles & More (programu ya kundi la Lufthansa) inataka pointi 2,000, na 1,000 kati ya hizo ziwe za mashirika ya kundi lao. United inataka angalau safari nne za United zenyewe, na kwa tiketi isiyo yao inagawanya maili kwa 5 au 6 ili kupata pointi zake. Kwa tiketi ya dunia, huo mgawanyo unaumiza.

KuponiYaMwisho

Nakubaliana na Hesabu_Kwanza. Ila kwa oneworld nampa haki mleta uzi: kurefusha njia ndiyo sanaa yenyewe. Mfano wa mabara manne, kuanzia Oslo:

Oslo – London – New York – Los Angeles – Honolulu – Sydney – Perth – Singapore – Tokyo – Hong Kong – Doha – Oslo.

Vipande 11, takriban maili 31,000. Zimebaki kuponi (yaani vipande) 5, na swali ni wapi uziweke. Badala ya Los Angeles – Honolulu moja kwa moja (maili 2,556), pitia Dallas: 1,235 kisha 3,784. Kuponi moja tu imekuongezea kama maili 2,460. Sasa uko juu kidogo ya 33,000.

Mambo ya kukumbuka ukiwa unachora:

Mashariki ya Kati inahesabiwa bara moja na Ulaya. Kwa hiyo Doha – Oslo ni safari ya "ndani ya bara" ingawa inakaribia maili 3,000. Ukihitaji maili za ziada kwa upande ule, Doha ndiyo mahali pake.

Marekani na Kanada unaruhusiwa kuvuka pwani hadi pwani bila kutua mara moja tu. New York – Los Angeles imeshakula hiyo nafasi. Ukitaka kurudi mashariki lazima utue katikati.

Kwenye bara ulikoanzia unaruhusiwa kusimama zaidi ya saa 24 mara mbili tu. Watu wanajaza Ulaya mwanzoni, halafu mfumo unakataa njia yote mwishoni bila kueleza kosa liko wapi.

Amerika Kusini imekuwa nyembamba tangu LATAM ijitoe oneworld mwezi Mei 2020. Kama bara hilo ni la lazima kwako, Star ina Avianca na Copa. Afrika nako Star ina Ethiopian, EgyptAir na South African.

Sasa turudi kwenye programu. Hizo maili 33,000 kwa asilimia 125 ni kama 41,250. Ukiziweka Atmos Rewards ya Alaska kwa hesabu ya umbali, Gold ni 40,000 nayo ni Sapphire. Ukiziweka AAdvantage ya American, 40,000 inakupa Gold yao ambayo ni Ruby, ngazi ya chini ya Sapphire, na Platinum iliyo Sapphire iko 75,000. Ndege zilezile, kiti kilekile.

Sekta_Fupi

Mnahesabu umbali tu. Qantas na Cathay hawalipi kwa asilimia, wanalipa kwa vipimo vya umbali, na kipimo cha kwanza kwa wote wawili kinaishia maili 750. Sekta (kipande kimoja) ya maili 760 inalipwa zaidi ya ile ya 740, na sekta mbili za wastani mara nyingi zinashinda moja ndefu. Hapo Explorer inatawala, kwa sababu kuponi 16 ni kuponi 16 bila kujali urefu.

Vizingiti: Qantas Gold (Sapphire) mara ya kwanza ni pointi 700, Platinum (Emerald) 1,400, na kila mwaka wa uanachama lazima uwe na safari nne zenye namba ya Qantas au Jetstar. Kwenye njia ya KuponiYaMwisho zipo tatu ukichagua Qantas: Honolulu – Sydney, Sydney – Perth, Perth – Singapore. Ingiza Melbourne kati ya Sydney na Perth, sharti limetimia. Cathay Gold ni 600, Diamond 1,200. Qatar Gold ni Qpoints (pointi zao za hadhi) 300, lakini wanataka safari nne zao au asilimia 20 ya pointi itoke kwao. Hapo njia ile ina mbili tu.

Na yeyote anayesoma ushauri wa zamani kuhusu British Airways aufute kichwani. Ile hesabu ya pointi 140 au zaidi kwa kila sekta ya biashara inayozidi maili 2,000 iliisha 31 Machi 2025. Sasa Silver ni 7,500 na Gold ni 20,000, pauni moja kwa pointi moja kwenye ndege zao, na za washirika wasizouza wao zinalipwa kwa asilimia ya umbali. Gold kwa tiketi moja ya dunia sahau.

UpepoWaPasifiki

Naona mmeitupa njia ya tatu bila kuisikiliza. Tiketi mojamoja zina faida tatu ambazo muungano haukupi: unaacha kipande usichokitaka bila kuua vilivyobaki, unagawa safari katika miaka miwili ya uanachama, na unaweza kutumia SkyTeam, muungano wa tatu.

Flying Blue, programu ya Air France na KLM, wanalipa XP (pointi zao za hadhi) kwa kila sekta. Biashara: maili 2,000 hadi 3,500 ni 24, hadi 5,000 ni 30, zaidi ya 5,000 ni 36. Paris – Los Angeles 36, Los Angeles – Seoul 36, Seoul – Singapore 24, Singapore – Paris 36. Jumla 132. Silver ni 100, zile 32 zinabebwa kuelekea Gold, ambayo inahitaji 180 nyingine, nayo ndiyo Elite Plus, ngazi ya juu ya SkyTeam. Kwa hiyo mzunguko mmoja mtupu hautoshi. Unaunganisha badala ya kwenda moja kwa moja, kila sekta inalipwa peke yake.

Ubaya wake nao tuseme. Tiketi ya bei nafuu ya biashara mara nyingi inatoka kwa herufi kama I, P au R, na programu za washirika huzilipa kidogo kuliko D. Angalia herufi kabla ya kulipa, usiangalie jina la daraja. Halafu ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni na wewe. Kati ya tiketi mbili tofauti weka usiku mmoja mzima, hasa kabla ya kuvuka Pasifiki.

Mpangasafari

Naongeza upande wa kukata tiketi, maana ndipo mipango mizuri inapofia.

Explorer ya biashara inakatwa kwenye herufi D, ya kawaida L, ya kwanza A. Kiti cha biashara kuwepo hakumaanishi D ipo. Tafuta kwanza sekta ngumu, ambazo karibu kila mara ni za Pasifiki, ukizipata ndipo upange zingine kuzizunguka. Zana ya mtandaoni ya muungano inafaa kuchora na kuhakiki masharti, lakini ikigoma kwenye bei usibadilishe njia harakaharaka. Nakili namba za ndege, tarehe na herufi, piga simu kwa shirika mwanachama linalotoa tiketi hizi, mwombe mhudumu aingize sekta moja baada ya nyingine.

Bei ya msingi inategemea nchi unayoanzia, na tofauti kati ya nchi mbili inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya bara moja zaidi. Juu yake kuna tozo za shirika kwa kila sekta. Njia moja ikiwa na mashirika mawili, omba bei ya kila moja kabla ya kuamua. London nayo ina kodi ya abiria ambayo kwa viti vya mbele ni kali zaidi. Ukitokea Oslo na kuunganisha London kwenda nje ndani ya saa 24 hutozwi, ukilala siku mbili unatozwa.

Usiruke kipande chochote. Usipotokea bila kubadilisha mapema, mfumo unafuta vyote vinavyofuata. Kubadilisha tarehe ni rahisi, kubadilisha mji kunadai tiketi itolewe upya, kwa ada na kodi mpya.

Na hakiki kila ndege inaendeshwa na nani. SAS ilihamia SkyTeam 1 Septemba 2024, lakini bado utakuta njia za Star zinazozunguka mitandaoni zikipitia Copenhagen kwa SAS.

MsafiriD16

Shukrani wakuu. Na daraja la kawaida je? Kuna wadau wananiuliza.

Hesabu_Kwanza

Kwa hadhi, usihangaike. Herufi za chini mara nyingi zinalipa robo au nusu ya umbali. Maili 33,000 kwa nusu ni 16,500, hazifiki popote kwenye vizingiti tulivyotaja. Labda programu ya vipimo, na hapo pia ni mbali.

KuponiYaMwisho

Jambo moja limesahaulika: wapi utaitumia hadhi. Mwenye hadhi ya American haingii launji za muungano akiwa kwenye safari ya ndani ya Marekani pekee, na Premier Gold wa United hivyohivyo kwa launji za United. Mwenye Sapphire au Star Gold ya programu ya nje anaingia. Kama unaruka sana Marekani, hiyo peke yake inatosha kukuchagulia programu.

Sekta_Fupi

Kwa atakayeanza kupanga: pointi zinaingia kwa tarehe uliyoruka, siyo tarehe uliyonunua. Mwaka wa AAdvantage unaanza 1 Machi, wa British Airways 1 Aprili, wa Qantas unafuata mwezi uliojiunga. Safari ya Februari hadi Aprili inaweza kukatwa vipande viwili na visifike popote. Jiunge au panga tarehe ili mzunguko wote uangukie upande mmoja.

Tunza kadi za kupandia ndege zote na ile hati ya tiketi yenye namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinaonyesha nani ametoa tiketi (001 American, 125 British Airways, 081 Qantas, 157 Qatar, 160 Cathay), na ukidai pointi zilizokosekana hilo ndilo swali la kwanza. Ndege ikifutwa ukahamishiwa shirika lisilo mwanachama, hutapata kitu kwa kipande hicho moja kwa moja. Mwombe mhudumu aandike kwenye rekodi kwamba uhamisho haukuwa hiari yako, piga picha ya ratiba ya awali ikiwa na herufi yake, kisha dai pointi za njia ya awali kwa shirika lililokuhamisha. Fanya hivyo ukiwa bado uwanjani, rekodi ikishafungwa wanakuzungusha.

Mpangasafari

Na namba ya uanachama ihakiki kila kaunta. Tiketi ikitolewa upya katikati ya safari, mara nyingi namba inadondoka au inarudi ile ya zamani, na sekta tatu nne zinaingia programu isiyo yako. Zikishaingia kule hazihamishwi.