Mtoto wa tajiri katuombea radhi Twitter, mabeki wetu hata jezi hawajavua!!!

Mzee wa Kando ya Mto:
Wakuu habari za usiku. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa EPL (Ligi Kuu England), huu uacheni peke yake maana nina hasira za kujitegemea.

Sisi Fulham tumekula tatu nyumbani kwetu kutoka kwa Aston Villa. Sawa. Grealish dakika ya 4, Hourihane ya 15, kipindi cha pili hata watu hawajakaa vizuri Mings kamalizia. Mpira una matokeo matatu nimekubali. Kinachoniua mimi ni huyu mtoto wa mwenye timu. Mnamjua, simtaji. Filimbi imelia, jasho halijakauka, kocha hajafika mbele ya waandishi, dogo KASHAINGIA TWITTER anaomba radhi!! Eti samahani mashabiki, tunatafuta mabeki wa kati tangu ile fainali ya kupanda daraja pale Wembley, wawili wakapata Korona, mmoja mchezaji huru tulijua tumemaliza naye akaponyoka, wa nne naye akaja na mushkeli wake.

Anaandika hayo dunia nzima inasoma. Mabeki waliocheza leo wanasoma. Mama zao wanasoma! Ni sawa na mwenye shughuli kushika maiki kuwaambia wageni "jamani wapishi niliowataka mimi hawakutokea", na waliopika wako hapo nyuma ya turubai wanamsikia na sufuria mkononi.

Halafu wewe unayeomba radhi ndo nani? Si wewe makamu mwenyekiti? Si wewe mkurugenzi wa shughuli za mpira? Si wewe mwenye ile idara ya data na ile sera yenu kwamba mchezaji asisajiliwe mpaka apite kwenye takwimu na apite kwa maskauti? Sasa fainali ilikuwa Agosti 4, leo Septemba 28, 2020, takwimu zimeshindwa kukutajia beki mmoja mzima mwenye miguu miwili asiye na Korona? Mechi tatu mabao kumi. Arsenal 3, Leeds 4, Villa 3. Hiyo nayo ni data, mpelekeeni.

Na msiniambie ni bahati mbaya. 2018 tulipanda tukatumia zaidi ya pauni milioni 100, timu iliyopanda daraja haikuwahi kumwaga hela hivyo, Seri kaja, Anguissa kaja, Schürrle kaja kwa mkopo, siku ya mwisho ya dirisha watu wanashushwa kama mzigo wa Kariakoo hata majina hawajuani. Tukafungwa mabao 81 tukashuka na pointi 26. Nani alifukuzwa? Kocha Jokanović aliyetupandisha katolewa Novemba, Ranieri aliyempa Leicester ubingwa katolewa Februari, Parker, kocha wetu wa sasa, ndo akaja kuzika. Mkuu wa usajili yuko palepale mpaka leo kwa sababu mwenye timu anamwita "baba". Ukimfukuza huyo unamfukuza mtu aliyezaliwa ofisini!

Mabeki hata jezi hawajavua jamani. HATA JEZI.

Kijiko cha Chai:
Kumbe Fulham ina shabiki huku 😂😂 ngoja nimwite mke wangu aje aone

Golikipa Mstaafu:
Mkuu pole sana ila timu uliichagua mwenyewe, hakuna aliyekushikia panga.

Mzee wa Kando ya Mto:
@Kijiko cha Chai sijauliza nani anashangaa nini. Nimeuliza mtu anayesajili anapata wapi mdomo wa kuwasema wachezaji kabla kocha hajasema. Jibu hilo au pita.

Kopite wa Mwanza:
Tusisingizie data jamani, data haina kosa. Sisi Liverpool mkuu wa utafiti ni Ian Graham, msomi wa fizikia kabisa, watu wake ndo walimkomalia Salah 2017 wakati wengine wanakumbuka alivyokwama Chelsea. Leo tuna kombe la Ulaya na la ligi. Tatizo lenu ni mtu sio kompyuta.

Mzee wa Kando ya Mto:
Sasa si ndo nachosema! Huyo Graham wenu umewahi kumsikia anaandika twiti mechi ikiisha? Hata sura yake wengi hamuijui. Anakaa na namba zake anampa Edwards mkurugenzi wa michezo, Edwards anaongea na kocha Klopp, mambo yanaisha ndani. Sisi wetu ndo mtakwimu, ndo msajili, ndo msemaji, na bado ana timu ya baba yake ya mpira wa Kimarekani kule Jacksonville na ana kampuni ya mieleka. MIELEKA wakuu. Huyu mtu anapanga nani apigwe kiti cha mgongo Jumatano halafu Jumatatu anatuombea radhi ya beki wa kati.

Mchambuzi Huru:
Hapa niweke kumbukumbu sawa. Ile fainali mliyopanda nayo mlimfunga nani? Brentford. Timu inayomilikiwa na Benham, mtu wa kamari za takwimu, yaani hao ndo wenye data hasa. Na bao la kwanza la Joe Bryan lilitokana na nini? Parker alimwambia apige golini moja kwa moja kwa sababu walishachunguza kipa wao Raya anavyosogea mbele akitegemea krosi. Hiyo ni kazi ya wachambuzi wa video na namba. Kwa hiyo mnapopanda ni Bryan, mnapofungwa ni kompyuta? Acheni hizo.

Mzee wa Kando ya Mto:
Mchambuzi hujanielewa au unafanya makusudi. Uchambuzi ule ulipita kwa kocha, kocha akamnong'oneza mchezaji pembeni ya uwanja, mchezaji akafunga. Ndo njia yake. Hakuna mtoto wa mtu aliyeingia Twitter kusema "Raya anasimama vibaya". Sasa kocha kesho asubuhi anaingiaje mazoezini kumwambia beki nakuamini, wakati beki ameshasoma kwamba kuna wanne walitafutwa wakae nafasi yake? Wanne!! Na akawahesabu mmoja mmoja, huyu Korona, huyu Korona, huyu kaponyoka, huyu mushkeli.

Bunduki ya Tandika:
Nyie mnalia na twiti? Njooni kwetu Arsenal mlie kwa sauti. Sisi mtoto wa tajiri mwaka jana katuambia mashabiki "changamkeni", basi tumechangamka tumemaliza ligi nafasi ya nane. Wachezaji wamekubali kukatwa mshahara kipindi cha Korona, mwezi wa nane klabu inapunguza wafanyakazi 55, maskauti waliozunguka dunia wanaambiwa asante. Kampuni ya takwimu tulinunua kabisa tangu 2012 na bado tulimnunua winga Pépé kwa pauni milioni 72. Angalau wenu kaomba radhi.

Jahazi la Old Trafford:
Wote nyamazeni. Sisi Man United tunamilikiwa na familia nzima, kaka, dada, wote. 2005 wamenunua timu kwa mkopo na deni wakaibebesha timu yenyewe. Crystal Palace wametupiga tatu nyumbani, juzi kwa Brighton tumeokolewa na penalti iliyotolewa filimbi imeshalia, usajili wa Sancho tunaimbiwa tangu Juni mpaka sauti zimekauka. Twiti? Sisi hata salamu hatupati.

Kopite wa Mwanza:
Jahazi afadhali Brighton, wamegonga miamba mpaka nikalihurumia goli lenu 😂

Jahazi la Old Trafford:
Kopite huu uzi sio wako, kaangalie VAR yenu, hao marefa wenu wa video.

Mzee wa Kando ya Mto:
Naomba turudi kwenye mada. Dirisha linafungwa Oktoba 5. Hata akileta mabeki sita wiki hii, alichofanya leo hakifutiki. Huwezi kumuombea mtu radhi ambaye hajakutuma.

Binti Popat:
Jamani hivi mnajua mmesahau jambo kubwa? Villa hao hao Ijumaa wamempeleka Samatta wetu Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Mtu kawafunga Man City fainali ya Carabao pale Wembley, hata miezi saba haijatimia wamemchoka, wamemnunua mshambuliaji mwingine, Watkins. Leo wanashinda tatu bila na mimi nafsi inauma nashindwa hata kushangilia.

Golikipa Mstaafu:
Samatta alikosa krosi. Mpelekee mshambuliaji yeyote mipira ile asifunge tuone.

Kijiko cha Chai:
Bao moja kwenye ligi mkuu. Moja. Mapenzi yasituzibe macho

Binti Popat:
Kijiko wewe ungepewa Villa ile ya Februari iliyokuwa inashuka daraja ungefunga mangapi? Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi kwa Bournemouth, halafu Korona ikasimamisha dunia. Mwacheni nahodha wetu.

Mchambuzi Huru:
Kwa mtindo wa kocha wa Villa Dean Smith, Samatta hakuwa mtu sahihi. Alihitaji timu inayopiga krosi mapema kama timu yake ya zamani Genk.

Bunduki ya Tandika:
Samatta kafungueni uzi wake. Mpira unaanza Anfield hapa, Liverpool na Arsenal

Mzee wa Kando ya Mto:
Bado hakuna aliyenijibu. Nani ana ubavu wa kumwambia yule dogo anyamaze?

Bunduki ya Tandika:
LACAZETTEEEEE!!! Beki wenu Robertson kapiga mswaki huyo 😂😂😂

Kopite wa Mwanza:
Tulia kijana, usiku bado mbichi

Kopite wa Mwanza:
MANE 1-1. Nilikwambia nini?

Jahazi la Old Trafford:
Robertson kajisahihisha mwenyewe, mbili moja. Bunduki uko wapi mbona kimya

Binti Popat:
Wenye linki isiyokatika naomba inbox, yangu imeganda kwa Lacazette