Matone ya dhahabu kwa saratani ya tezi dume, yana ukweli?

Mwana wa Pangani
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 71, ana saratani ya tezi dume na imeshafika mifupa ya nyonga. Anachomwa sindano ya homoni kila miezi mitatu. Jana shangazi kaleta kichupa cha matone mekundu kama juisi ya rozela, kauziwa laki nne. Kaambiwa ni "dhahabu ya nano": unakunywa, unajimulika kwa taa nyekundu, uvimbe unayeyuka. Nimesoma mtandaoni kwamba Wamarekani kweli wanatumia dhahabu na mwanga. Mzee anataka kuacha sindano. Nimwambie nini?

Fundi Maabara
Pole sana ndugu yangu. Mimi niko maabara ya fizikia chuoni, kazi yangu ni mwanga. Ulichosoma ni kweli, ila hakihusiani na hicho kichupa.

Kazi hiyo ilianzia Houston, Chuo Kikuu cha Rice, kwa Naomi Halas na Jennifer West. Wanatengeneza chembe ya silika, jamii ya mchanga, wanaivika ganda la dhahabu. Upana wake ni nanomita 150 hivi, mamia yake ndiyo yafikie unene wa unywele. Mgonjwa anawekewa kwa dripu. Mishipa ya damu ya uvimbe hujijenga harakaharaka na huvuja, basi chembe zinapenya na kunasa humo. Kesho yake daktari anaingiza uzi mwembamba wa leza mpaka ndani ya tezi. Dhahabu inanyonya mwanga, inapata moto, seli za jirani zinaungua. Kinachoua ni joto.

Usiku zima taa, ziba tochi ya simu kwa kidole. Kidole kitawaka chekundu, kwa sababu rangi nyingine zimemezwa na damu. Infraredi, iliyo ng'ambo kidogo ya wekundu, hupenya zaidi, lakini nayo hufifia baada ya sentimita chache. Tezi dume iko chini ya kibofu. Taa ya juu ya ngozi haiwezi kuifikia na nguvu ya kuunguza.

Na ule wekundu wa matone, hata kama ni dhahabu kweli: vitufe vidogo vya dhahabu huwa vyekundu kwa kunyonya mwanga wa kijani, ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 520 hivi. Leza ya wale ni ya infraredi, iko karibu na 800. Havingeshika moto.

Majaribio yaliyochapishwa 2019 yalikuwa ya wanaume 16, na 15 walikamilisha tiba. Wote saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi. Ya mzee imeshatoka, hata kule wasingempokea. Sindano asiache, nakusihi.

Nesi wa Zamu
Kaka, muulize mzee kwa upole kwa nini anataka kuacha. Sindano hizo huleta joto la ghafla, jasho na uchovu, na wazee wengi hawasemi. Daktari anaweza kumsaidia. Na akianza kulegea miguu au kushindwa kukojoa, hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki.

Mwana wa Pangani
Nimemuuliza. Kumbe usiku jasho linalowesha shuka, na alikuwa anaona haya kumwambia daktari kwa kuwa ni binti mdogo. Kliniki ni Jumanne, naenda naye. Ile ya tochi tumeijaribu, mzee akakitazama kidole chake muda mrefu, kisha akasema kichupa kirudishwe kwa shangazi.