Randa za zamani niziweke wapi zisiwe mbali na mkono?

Swali: Wakuu, mzee wangu kaniachia randa za chuma za kampuni ya Stanley, namba 4, 5 na 7 (namba ni ukubwa). Ziko kwenye boksi chini ya benchi, kila nikitaka kulainisha ubao naanza kuinama na kuchakura, na mvua hizi za Dar kutu ishaanza. Nyie mnaziwekaje?

fundi_mninga: Piga rafu ya kulala kidogo ukutani nyuma ya benchi, usawa wa kifua, weka vigawanyo na kipande chembamba chini ya pua (ncha ya mbele ya randa) ili kisu kisiguse mbao. Namba 7 ni inchi 22 na nzito, ikae chini kabisa, maana mwili wake ni chuma cha kusubu (cha kumimina kwenye kalibu), kikidondoka sakafuni kinaweza kupasuka.

mama_karakana: Jioni zifute kwa mafuta ya cherehani, ila usifunike na nailoni, inatunza unyevu.

Muulizaji: Asanteni sana, Jumamosi naanza rafu.