Mzee chakula kinamkwama kifuani, omeprazoli haisaidii. Nimpe dawa gani?

MwanaRombo: Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 64, miezi minne sasa chakula kinamkwama. Tumetibu vidonda vya tumbo, omeprazoli boksi tatu, wapi! Kuna dawa ya asidi kali zaidi? Usiku silali.

MbegeKavu: Juisi ya kabichi mbichi, asubuhi kabla hajala. Na aache mawazo.

SistaWaKamera: Acheni kabichi. Mkuu, kilianza kukwama kipi, na sasa kinapita kipi?

MwanaRombo: Ilianza nyama, ukafuata ugali. Sasa ni uji mwepesi na supu. Suruali anafunga na kamba.

SistaWaKamera: Asidi mara nyingi huchoma tu; ikiacha kovu nayo inaweza kubana njia, lakini kwa mpangilio huo na kukonda hivyo siifikirii kwanza. Nahofia kitu kinaota kwenye umio, yaani njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, na mtu huanza kukihisi njia ikiwa imeshabanwa sana. Amepitishiwa mpira wa kamera?

MwanaRombo: Ndiyo, wiki tatu zilizopita. Sikutaka kuanza na hilo. Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa: saratani ya skwamasi (ya seli za utando wa ndani wa umio), sm 24 hadi 29 kutoka meno ya mbele. Mzee hajaambiwa. Ila kuna mtu wa mitishamba nimeshamlipa nusu, dozi ya siku 40. Kumpasua kifua mzee wa 64 si kumuua?

NenoLaLeo: Pombe na sigara hizo. Vijana mjifunze.

Kipimajoto: Ni kweli, na vikikutana hatari inazidishana. Lakini kuanzia Bomet, Kenya, hadi Kilimanjaro wanaugua hata wasiogusa chupa. Mwaka 2016 IARC, taasisi ya saratani ya WHO, iliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Chai iliyotoka tu kwenye chupa ya chai na kunywewa papo hapo hupita hapo kirahisi. Ikae wazi kikombeni kwanza.

JichoLaTatu: Chai ninayoiona mimi ni huu uzi. Nani anakariri sentimita? Ngojeni, ukurasa wa pili mzee "atapona" na namba ya muuza mizizi itawekwa.

MbegeKavu: 😂 Chai, tena ya maziwa! Mods, fungeni.

MwanaRombo: Sina cha kuuza. Karatasi ninayo mkononi: vipande sita, mpira wa kawaida haukupita, wakatumia mwembamba.

JichoLaTatu: Muuza mizizi naye ana karatasi.

SistaWaKamera: Mpira kutopita kunalingana na uji mwepesi. Mkuu, anza na CT skani ya kifua na tumbo, kreatinini (kipimo cha figo) ipimwe kabla ya dawa ya picha kuingizwa mshipani. Kama haijasambaa, kuna mionzi mara 23 pamoja na dawa za kemo, paklitakseli na kaboplatini, kila wiki kwa wiki tano, kisha upasuaji. Au mionzi na kemo bila kisu, kama mara 28. Kwa hiyo kisu si lazima. Mionzi ipo hospitali za Ocean Road (Dar) na Bugando (Mwanza). Asiwekewe stenti (kimrija cha wavu cha kupanua umio) kabla hilo halijaamuliwa. Akihitaji mpira wa kulishia, daktari wa upasuaji aulizwe kwanza, maana tumbo ndilo huvutwa juu kuwa umio mpya, hawapendi likitobolewa.

Kama imesambaa, stenti. Inafunguka yenyewe siku moja hadi tatu. Nyama ya minofu, mkate laini na embe la nyuzi huiziba. Ale amekaa wima, tonge dogo, ashushie na maji.

Kwa leo: uji wenye maziwa, karanga zilizosagwa laini na kijiko cha mafuta, uchujwe, kikombe kila saa mbili. Akinywa maji anakohoa?

MwanaRombo: Tangu Jumatatu. Nilidhani mafua.

SistaWaKamera: Basi huo uji usimpe. Kuna uwezekano umio umetoboka kuingia njia ya hewa, na kila funda linaishia mapafuni. Stenti iliyofunikwa ndiyo huziba tundu hilo, kwa hiyo ile kauli yangu ya stenti kusubiri inabadilika. Asipewe kitu mdomoni, nendeni hospitali ya rufaa, dripu ianze huko.

MwanaRombo: Saa hizi ni saa nne usiku. Na mtu wa mizizi anakuja asubuhi.

SistaWaKamera: Asikute mtu nyumbani.

MbegeKavu: Kabichi nimeifuta.